Nani Aliubadili Mwisho?

Mimi ni katika wale watu wenye filamu moja kwenye diski tatu tofauti, na sioni aibu. Mgeni akija akaiangalia rafu, swali huwa ni lilelile: hii si ndiyo ile pale? Ndiyo, ni ileile, ila si ileile. Kwa filamu nyingi jibu hilo ni ubishi mtupu. Kwa noir lina maana, maana filamu hizi zimekatwa, zimeungwa, zimepotezewa vipande na kubadilishiwa miisho, kiasi kwamba ukisema umeiona, mwenzako ana haki ya kukuuliza: umeona ipi?

Kwa ambaye ugonjwa huu bado haujamwingia: noir ni zile filamu za uhalifu za Marekani za miaka ya 1940 na 1950, nyeusi na nyeupe, vivuli vya luva ukutani, mwanamume asiyejua kukataa na mwanamke anayelijua hilo. Jina hilo zilipewa na Wafaransa. Miaka ya vita filamu za Hollywood hazikuonyeshwa Paris, na zilipoingia kwa mkupuo mwaka 1946 wahakiki kama Nino Frank wakashtuka kuona jinsi zilivyokuwa na giza. Nyingi zimetolewa kwenye riwaya za uhalifu, za jalada laini na bei ya chini. Sisi tuliokua na Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa, vitabu vilivyopita mkono kwa mkono hadi kurasa za mwanzo zikanyofoka, ladha hiyo hatukuhitaji kufundishwa.

Nikishasoma kitabu na kuitazama filamu yake, huwa nakwenda moja kwa moja kwenye mwisho. Hapo ndipo unapojua nani alikuwa na nguvu: mwandishi, mwongozaji, studio, ofisi ya udhibiti, au panya wa ghalani.

Ofisi ya udhibiti kwanza. Kuanzia mwaka 1934 kila skripti ya Hollywood ilipita mezani kwa Joseph Breen na watu wake. Muuaji asitoke salama. Zinaa isionekane tamu. Kujiua kusiwe njia ya kumaliza hadithi. Sasa chukua James M. Cain na hadithi yake Double Indemnity, iliyotoka kwa mfululizo katika jarida la Liberty mwaka 1936. Wakala wa bima anashirikiana na mke wa mteja kumuua mteja, ili wale fidia ya ajali inayolipwa mara mbili. Cain alikuwa mwandishi wa habari New York wakati wa kesi ya Ruth Snyder na Judd Gray, waliomuua mume wa Ruth mwaka 1927 huku kukiwa na bima nyuma ya pazia, na wote wawili wakakalishwa kwenye kiti cha umeme gereza la Sing Sing Januari 1928. Hadithi ya Cain ilikuwa na kila kitu ambacho Breen hakitaki, na kwa miaka kadhaa hakuna studio iliyothubutu kuigusa.

Katika kitabu, wauaji hawakamatwi na polisi. Kampuni ya bima, kwa kuogopa fedheha, inawaachia wapande meli, na humo melini wawili hao wanakutana. Hawana pa kwenda. Wanakubaliana kujitosa baharini usiku, na papa tayari anaifuata meli. Huff, yule wakala wa bima (kwenye filamu anaitwa Neff), anaandika haya akiwa chumbani mwake huku mwanamke akijipamba kama bibi harusi wa mauti. Ni mwisho wa ajabu, karibu wa kichawi, na ukiusoma baada ya kuijua filamu unahisi umeingia nyumba isiyo yako.

Mwongozaji Billy Wilder alipoichukua mwaka 1943, Cain mwenyewe hakuweza kushiriki, akaletwa Raymond Chandler, naye mwandishi wa riwaya za uhalifu. Wilder na Chandler hawakupikika chungu kimoja hata siku moja, lakini skripti waliyoitoa nadhani ni bora kuliko kitabu. Chandler ndiye aliyeng'amua kwamba mazungumzo ya Cain yanasomeka vizuri kwa jicho tu. Yakitamkwa kwa sauti yanadorora. Akayaandika upya yote. Meli na papa vikaondoka. Badala yake Neff, damu ikimtoka, anaketi ofisini usiku na kusimulia kila kitu kwenye mashine ya kurekodi ya Keyes, mkuu wa madai wa kampuni, na filamu inaishia pale mlangoni, Keyes akimwashia sigara mtu aliyempenda na ambaye sasa anamkabidhi kwa sheria.

Kumbe huo nao haukuwa mwisho wao wa kwanza. Wilder alijenga chumba cha gesi, akapiga picha Neff akiuawa huku Keyes akitazama, kazi iliyogharimu studio kama dola 150,000 kwa fedha za wakati ule. Kisha akaitupa. Aliona kwamba pale mlangoni hadithi imeshakwisha. Picha mnato za chumba kile zipo, utaziona kwenye vitabu na kwenye nyongeza za diski, lakini mkanda wenyewe haujaonekana. Kila toleo jipya likitangazwa, Blu-ray ya Universal ya mwaka 2014, kisha ile ya 4K, yenye picha kali zaidi, ya kampuni ya Criterion ya mwaka 2022, sisi wagonjwa tunapekua orodha ya nyongeza kuona kama umeokotwa. Haumo.

Ila diski ina zawadi nyingine. Mapema kwenye filamu hiyohiyo, Neff anatoka ofisi ya Keyes na kupita kwenye ukumbi wa juu. Kando ya mlango ameketi bwana mwenye miwani, anasoma, anainua macho kumtazama. Ni Chandler mwenyewe. Filamu ilitoka mwaka 1944, na habari hizo zilienea mwaka 2009, baada ya watu kuwa na rimoti za kugandisha picha. Sinemani mtu yule anapita mbele yako mara moja tu na hakuna anayekurudishia.

Nikisema kujua toleo lako ni jambo la maana, mfano wangu mkubwa ni Kiss Me Deadly ya Robert Aldrich, ya mwaka 1955. Riwaya ni ya Mickey Spillane, imetoka 1952, na inafanyika New York: mpelelezi binafsi Mike Hammer, ngumi mkononi, anafukuzana na Mafia kwa ajili ya shehena ya dawa za kulevya. A. I. Bezzerides aliyeandika skripti hakukipenda kitabu na hakulificha hilo. Akahamishia mambo Los Angeles, akatupa dawa za kulevya, akaweka sanduku dogo. Ukiligusa lina joto. Ukilifungua kidogo linatoa mwanga na mlio kama pumzi ya mnyama. Ndani yake kuna kitu cha nyuklia, na maneno mawili matatu tu, likiwemo jina la Los Alamos, yanatosha kumnyamazisha Hammer, mtu ambaye filamu nzima hajanyamazishwa na mtu yeyote. Naye Hammer mwenyewe Bezzerides amemgeuza: kwa Spillane ni shujaa, huku ni mwonevu anayebana vidole vya mzee kwenye droo na kutabasamu.

Kitabu kinaisha kwa moto. Msichana mmoja aliyekuwa akijifanya mtu mwingine, kwa jina Lily, anajifunua kuwa mwili wake umeharibiwa na majeraha ya kuungua, ananukia spiriti aliyojisugulia, anampiga Hammer risasi. Hammer anawasha kiberiti chake cha gesi na mwanamke anashika moto. Filamu nayo inaisha kwa moto, ila ni moto wa namna nyingine. Katika nyumba ya ufukweni Malibu, msichana yule anampiga Hammer risasi, anafungua sanduku, anawaka akipiga ukelele, nyumba inaanza kulipuka.

Na baada ya hapo? Kwa miongo mingi, nakala iliyozunguka duniani ilikatika hapo. Nyumba inalipuka, maneno ya tamati yanatokea, Hammer na katibu wake Velda hatuwaoni wakitoka. Watu walijengea hoja nzito juu ya mwisho huo: Aldrich amewaua wote, ameimaliza dunia, hakubakisha shahidi. Kisha mwaka 1997 vipande vilivyopotea vikarudishwa, na ikaonekana kwamba katika filamu aliyoitengeneza Aldrich, Hammer na Velda wanajikokota kutoka ndani ya nyumba, wanaingia kwenye mawimbi, wanasimama majini wakiitazama nyumba ikiungua. Diski ya Criterion ya mwaka 2011 inakupa filamu kamili, na ule mwisho mfupi umewekwa pembeni kama nyongeza.

Nina rafiki, mwalimu wa sekondari, ambaye hadi leo anautetea ule mfupi. "Kaka, ule mrefu ni huruma," huniambia. "Wametolewa kwenye maji kama watoto. Filamu ile haikustahili huruma."

Mimi naona kinyume chake. Mtu akifa nyumbani humo, amepona, mambo yamekwisha. Akisimama majini na risasi mwilini, akiwa hatua chache tu kutoka kwenye ule mwanga, hajaokoka, ameahirishiwa. Watazamaji wa 1955 walikuwa wameshasoma magazeti kuhusu wavuvi wa Kijapani walioangukiwa na majivu ya bomu la Bikini mwaka mmoja tu kabla. Hakuna haja ya mtu kuwaeleza nini kitawapata Hammer na Velda. Mwalimu hakubali, na sitegemei akubali. Lakini angalia: ugomvi wetu unawezekana kwa kuwa miisho yote miwili iko kwenye diski moja. Ukiikuta filamu hii kwenye mtandao wa kulipia, utapewa mmoja, na hakuna atakayekunong'oneza kwamba kuna mwingine.

Detour ni kisa cha namna nyingine kabisa. Ya mwaka 1945, ya Edgar Ulmer, studio ya PRC ambayo hata kwa viwango vya wachovu ilikuwa choka mbaya, dakika 68 tu. Riwaya yake Martin Goldsmith aliitoa mwaka 1939, na skripti akaandika mwenyewe. Mpiga piano anaomba lifti kutoka New York kwenda Los Angeles kwa mpenzi wake, mwenye gari anamfia njiani, na badala ya kuripoti anachukua gari, nguo na jina la marehemu. Hati miliki yake haikuhuishwa, kwa hiyo kila mwenye mashine ya kunakili akawa mchapishaji: kanda za VHS, kisha DVD za bei ya soda, picha imepauka kama kanga iliyoanikwa juani mwaka mzima, sauti inakwaruza. Baadhi yetu tuliamini uchakavu ule ni sehemu ya mtindo.

Ukarabati wa 4K uliofanywa na hifadhi ya filamu ya Academy, wale wa tuzo za Oscar, pamoja na taasisi ya Film Foundation, ukatoka kwenye diski ya Criterion mwaka 2019, ulitufumbua macho. Nakala nzuri ilipatikana hifadhi ya taifa ya Ubelgiji, lakini ilikuwa na maandishi ya Kifaransa na Kiflemi yaliyochomwa chini ya picha. Ikabidi yafutwe kwa kompyuta. Nikitazama sasa, macho hunikimbilia chini ya fremu kutafuta kovu. Silioni.

Niliitazama diski hiyo na mjomba wangu, dereva mstaafu wa malori ya Tunduma. Mjomba hana habari na noir, alikuja kwangu kusubiri mvua ikatike. Zikafika zile picha za mpiga piano akisimamisha magari barabarani.

"Kumbe Marekani nao walikuwa kushoto kama sisi," akasema.

Nikamwambia hapana, wao ni kulia. Akanyoosha kidole. Kweli, usukani uko kulia, jamaa anaingia mlango wa kushoto, gari linashika kushoto, Chalinze kabisa. Dakika chache baadaye, yumo kwenye gari lingine na usukani uko kushoto. "Sasa umehama," akasema mjomba, na hakufurahi.

Maelezo yanayotolewa ni kwamba Ulmer alitaka safari ya kwenda magharibi ionekane ikitoka kulia kwenda kushoto, kama kwenye ramani, na picha zilizokuwa zimeelekea kinyume akazigeuza negativi. Wamarekani huliona kosa hilo papo hapo na wamelicheka miaka yote. Mimi, niliyezoea barabara zetu, nilikuwa nimepita juu yake. Mjomba alisikiliza maelezo hayo hadi mwisho. "Si angegeuza ramani," akasema.

Mwisho wa Detour nao una mkono wa Breen. Mtu wetu anatembea barabarani usiku, huru, akijua siku moja gari litasimama kumchukua bila yeye kuomba lifti. Na gari la polisi linasimama. Lilibidi lisimame, kanuni zilitaka hivyo. Lakini Ulmer ameliweka kana kwamba mtu yule analiona akilini tu, na mpaka leo sina hakika kama kweli amekamatwa au anajitabiria. Udhibiti ulidai adhabu, ukapewa ndoto.

Kuna miisho mingine ya filamu, ile ya mkanda wenyewe kuteketea. Mikanda ya nitrati iliyotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 inashika moto kirahisi na inaoza ikihifadhiwa vibaya. Woman on the Run ya mwaka 1950 ilikuwa na nakala moja nzuri iliyojulikana Marekani, nayo ikaungua kwenye moto wa ghala la Universal mwaka 2008. Bahati, Eddie Muller, mwanzilishi wa Film Noir Foundation, alikuwa amejiwekea nakala ya kidijitali, na baadaye malighafi nyingine zikapatikana British Film Institute huko Uingereza. Chuo kikuu cha UCLA wakakarabati, kampuni ya Flicker Alley wakaitoa kwenye diski mwaka 2016. Ukinunua diski hiyo unamnunulia mtu kibali cha kwenda kutafuta nyingine, na hii si lugha ya kuchangisha harambee. Mapato ya kazi kama hizi ndiyo yanayoamua kipi kitakarabatiwa baadaye.

The Big Sleep, iliyotolewa kwenye riwaya ya Chandler, nitaipita haraka kwa kuwa kila mtu ameshaisema. Toleo la 1945 lilionyeshwa kwa wanajeshi nje ya nchi; toleo la 1946 ndilo lililokwenda sinemani, maelezo ya kesi yamepunguzwa na waigizaji Bogart na Bacall wameongezewa nafasi ya kutaniana, baada ya wakala wa Bacall kumwandikia bosi wa studio, Jack Warner, kumwombea mteja wake. DVD ya mwaka 2000 ina yote mawili. Lile la kwanza linaeleweka zaidi. La pili ndilo bora. Nani alimuua dereva halijibiwi kokote, na Chandler mwenyewe alipoulizwa alisema hajui.

Neno kuhusu deki, maana nimeulizwa sana. Dunia ya DVD iligawiwa kanda: Marekani ni ya 1, Ulaya ya 2, sisi Tanzania na Kenya tukatiwa ya 5 pamoja na Urusi na India, ambayo karibu hakuna aliyeitolea noir. Deki za Kichina za Kariakoo ziliumaliza mgogoro huo zenyewe, zinasoma chochote. Blu-ray ni kali zaidi, lakini mgao wake ulitupendelea: Afrika iko ukanda B, pamoja na Uingereza. Kwa hiyo usiagize kutoka Marekani bila kuangalia nyuma ya kasha. Criterion wana tawi la matoleo ya Uingereza tangu 2016, watoaji wenzao Masters of Cinema na Arrow wako hukohuko, na makasha ya Columbia Noir ya kampuni ya Indicator yana filamu ambazo si rahisi kuzipata kwingine. Diski za 4K hazina ukanda, ila zinataka deki na televisheni yake, na hapo mfuko utakujibu mwenyewe. Njia nzuri ya usafirishaji bado ni ndugu anayekuja likizo. Posta nimeachana nayo, kifurushi kikifika kikiwa kimefunguliwa na diski imelegea ndani kama jino unapoteza hamu.

Na wanaouliza waanze na kitabu au filamu: inategemea. Cain soma kwanza. Ni kijitabu cha usiku mmoja, na utaingia kwenye filamu ukiwa unamsubiri papa ambaye hatokei. Spillane unaweza kumruka, nimeshakusimulia.

Lakini In a Lonely Place anza na filamu, nakusihi. Nicholas Ray, 1950, Bogart ni mwandishi wa skripti mwenye hasira, msichana wa mkahawani ameuawa baada ya kuondoka nyumbani kwa Bogart, na jirani yake Gloria Grahame anampenda huku akizidi kumwogopa. Kwenye skripti Bogart anamnyonga Grahame. Ray aliipiga picha hiyo, akaichukia, akabuni nyingine palepale studioni: simu inalia, polisi wanasema Bogart hana hatia, na habari hiyo imechelewa, kwa sababu mwanamke ameshaona mikono yake inaweza kufanya nini. Ukimaliza hapo, fungua riwaya ya Dorothy B. Hughes ya mwaka 1947. Kuanzia ukurasa wa kwanza uko ndani ya kichwa cha Dix Steele, uko naye kwenye ukungu akimfuata msichana anayeshuka basi, na huyu wa kitabuni amekuwa akiua tangu kabla hujafika. Ukiisoma kwanza, utakaa kwenye filamu nzima ukidhani Bogart anakudanganya. Ukiisoma baadaye, utarudi kwenye diski na kumtazama upya kila anapotabasamu, na diski ya Criterion ya mwaka 2016 ina picha safi kiasi cha kukuonyesha jinsi tabasamu lile linavyozimika kabla halijafika machoni.